Aliyepokea Barua ya Mmiliki

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na msomaji atakayeitambua ajue ameitambua mwenyewe, mimi sikumwonyesha. Jina lake silitaji kwa sababu ya sheria. Mwaka ule wa maendeleo makubwa jina la nchi lilisajiliwa na mwekezaji, na anayetaka kulitumia huomba kibali. Niliomba. Nilijibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na kwamba nisirudi kuuliza. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu", maneno ambayo mpaka naandika haya hayajasajiliwa.

Watu wa nchi yetu walikuwa na tabia ya kuzungumza. Walizungumza ovyo, huyu sokoni, yule kwenye foleni ya maji, bila utaratibu wowote, na Mwekezaji alipoona hivyo akawahurumia. Akawajengea Jukwaa. Jukwaa lilikaa ndani ya simu, na kila mtu aliweza kuingia akasema lake na kusoma la mwenzake. Halikuwa na kiingilio. Waziri wa Utulivu wa Mazungumzo, Mheshimiwa Daktari Kasiano Lumwecha, alilizindua kwa hotuba ya saa tatu, akasema Jukwaa ni baba wa taifa, ni mama wa taifa, na kwa upande wa vijijini ni shangazi. Picha ya Mwekezaji ilitundikwa maofisini kando ya picha ya Mkuu wa Nchi. Mwanzoni ilikuwa chini kidogo. Baadaye zikawa sawa. Kuta zilipopakwa rangi upya mafundi walikosea vipimo, ya Mwekezaji ikawa juu kwa vidole viwili, na hakuna aliyethubutu kushika nyundo.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha Jukwaa likaanza kupanga. Ulikuwa ukiandika neno, Jukwaa linaamua nani alione na alione lini. Bila shaka lilikuwa na sababu nzuri, lakini sababu zenyewe zilikuwa siri ya biashara.

Siku moja ya Jumatatu alifariki mzee mmoja wa Mtaa wa Kinu aliyeitwa Mbaraka, mtengeneza viti. Binti yake, Sikudhani, fundi wa redio, aliandika tanzia kwenye Jukwaa saa mbili asubuhi, kama watu wote walivyokwisha kuzoea. Jukwaa lilitazama tanzia ile likaona haina mvuto. Likaiweka nyuma ya tangazo la magodoro, nyuma ya mwanamume anayekula pilipili nyingi, nyuma ya mashindano ya kucheka. Mzee Mbaraka alizikwa na watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wapita njia.

Wengine walifika siku ya arobaini. Walikuja kwa mamia, wamebeba mikeka na sukari, wanalia kwa uchungu mpya kabisa, wanauliza maziko saa ngapi. Ami mmoja aliyetoka mbali aliomba aoneshwe uso wa ndugu yake kwa mara ya mwisho. Ilibidi Bi Chausiku, mjane wa marehemu, amshike mkono amweleze taratibu, na ami yule alikasirika, akasema basi wangemsubiri, kwani haraka ilikuwa ya nini. Akamwonesha simu. Tanzia ilikuwa imemfikia jana yake, juu kabisa, na chini yake Jukwaa limemuuliza kama angependa kununua godoro.

Sikudhani aliwapokea wote siku ile. Alipika, aligawa chai, aliosha vyombo. Wiki iliyofuata akaanza kuunda kisanduku.

* * *

Nieleze kisanduku, maana baadaye kilielezwa bungeni kwa namna ambayo hata mwenyewe hakukitambua.

Kilikuwa na ukubwa wa sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo iliyotolewa kwenye mashine mbovu, na juu ya paa palikuwa na antena. Watu wa Mtaa wa Kinu waliandika mambo yao kwenye simu, kisanduku kikayapokea, kikawagawia wote bila kupanga, la kwanza kwanza na la pili pili. Hicho tu. Msiba ukitangazwa saa mbili, saa mbili na dakika moja watu wanatafuta kanga na kofia.

Mtaa wa pili wakakiona, wakaunda chao. Wa tatu wakaunda chao. Kisha visanduku vikaanza kupokezana habari, kila kimoja na kile ambacho mtunzaji wake ameridhia kufunguliana nacho mlango, na mtu wa Mtaa wa Kinu akawa anasomwa na mtu wa Machinjioni upande wa pili wa nchi. Kila mtunzaji alikuwa na masharti yake. Mzee Pazi, kinyozi wa Mtaa wa Stesheni, hakutaka habari za mpira siku ya Ijumaa. Machinjioni matusi yaliruhusiwa, mradi yawe na ukweli ndani yake. Ukichoshwa na mtunzaji wako ulikuwa ukichukua jina lako na maneno yako yote unahamia kisanduku kingine, kama mpangaji anavyobeba godoro lake. Baada ya mwaka na nusu visanduku vilikuwa mia nne na kumi na mbili. Watu wakauita mtandao ule Ujirani, na hakuna anayekumbuka nani alianza kuuita hivyo.

Wizara haikuwa na ubaya wowote na Ujirani. Tatizo lilikuwa la kiofisi. Jukwaa likisema jambo lisilopendeza, Waziri alimpigia simu Mwekezaji, wakaulizana hali, jambo likatoweka. Kwa Ujirani Waziri alinyanyua simu akabaki ameishika. Hapakuwa na wa kumpigia. Na Sheria ya Kinywa na Mwenyewe, kifungu cha nne, inasema wazi kwamba kila kinachosema lazima kiwe na mwenyewe, ili kikisema vibaya aitwe.

Basi ikaandikwa barua. Ilikuwa barua ya heshima. Juu yake paliandikwa: "Kwa Mmiliki wa Ujirani, popote alipo." Ilimtaka mmiliki afike wizarani na funguo zote. Akapewa Afisa Mwandamizi Tindwa aipeleke yeye mwenyewe kwa mkono, pamoja na kitabu cha kupokelea barua, kile ambacho maofisini hukiita dispachi. Asiyeijua nchi yetu huenda asielewe uzito wa dispachi. Mtu anaweza kuzaliwa, akaoa na kufa bila serikali kuwa na uhakika, lakini akisaini dispachi ameingia katika ukweli.

Tindwa alikuwa mtu mwaminifu. Alizunguka mitaa sitini na moja kwa wiki tatu, kwa basi na kwa miguu. Mazungumzo yake na Mzee Pazi yalihifadhiwa, kwa kuwa wateja watatu walikuwepo na mmoja alikuwa amenyolewa nusu.

"Mkubwa wenu ni nani?" Tindwa aliuliza.

"Hatuna mkubwa, bwana afisa."

"Basi mdogo wenu."

"Mdogo ataanzaje kuwepo na mkubwa hayupo?"

"Hiki kisanduku cha nani?"

"Hiki changu."

"Kwa hiyo wewe ndiye mmiliki wa Ujirani."

"Mimi nina mlango wangu hapa, unauona. Je, mimi ndiye mmiliki wa barabara?"

"Usinijibu kwa maswali, mzee. Saini hapa."

"Barua imeandikwa jina langu?"

"Imeandikwa mmiliki."

"Basi mpelekee. Ukimwona mwambie Pazi anamsalimu, na kama ana shida ya kunyoa aje."

Yule aliyenyolewa nusu alicheka, na Tindwa akaandika jina lake pia.

Mtaa wa sitini na mbili ulikuwa wa Kinu. Tindwa alifika saa saba mchana, viatu vimefunguka soli, shati limegandamana mgongoni. Sikudhani alimpa kiti na maji. Aliisoma barua yote, akaikunja vilevile ilivyokuwa.

"Barua hii siyo yangu, kaka."

"Najua utasema hivyo. Wote wanasema hivyo." Tindwa alivua kiatu kimoja. "Dada yangu, mimi sikuulizi ya nani. Nina wiki tatu sijalala kwangu. Ninachotaka ni mtu aseme tu kwamba nimefika na barua ameiona."

"Ukiandikiwa hivyo utarudi nyumbani?"

"Leo hii."

Sikudhani alichukua kalamu. Alikuwa mtu wa kuandika vizuri, kwa hiyo aliandika jina lake lote, Sikudhani binti Mbaraka, na tarehe, na saa, na mbele yake akaongeza: "Nimeiona." Kisha akamshonea Tindwa kiatu kwa waya mwembamba wa shaba.

Sehemu ya dispachi alipoandika "Nimeiona" ilikuwa nje ya mstari. Wizara haisomi nje ya mstari.

* * *

Alipoitwa wizarani alikwenda na mama yake, na walimkuta Waziri amekwisha kusimama.

"Mmiliki," alisema Mheshimiwa Daktari Lumwecha, kwa furaha ya kweli. "Taifa limekutafuta. Taifa lilikuwa kama kuku aliyetaga yai, akaligeukia, akaona limeota miguu. Leo yai limerudi."

Bi Chausiku alimwinamia binti yake. "Yai ni wewe?"

"Nadhani, mama."

Kando ya Waziri alikaa Mwakilishi wa Mwekezaji, kijana mpole mwenye viatu visivyo na vumbi. Alieleza kwamba Jukwaa linaupenda Ujirani, limeupenda tangu siku ya kwanza, na sasa linataka kuununua, ili watu waendelee kuwa huru chini ya uangalizi. Karatasi zilikuwa tayari. Kilichobaki ni mmiliki kukubali kwamba ni mmiliki, na kusaini.

"Mheshimiwa, siwezi kuuza kisicho changu," Sikudhani alisema. "Kisanduku kimoja ni changu. Vile mia nne na kumi na moja vina wenyewe."

"Hatukuulizi kama ni vyako," alisema Waziri. "Tunakujulisha."

"Nikiwaambia wafunge, hawafungi. Nikiwaambia wafungue, hawafungui. Mmiliki gani huyo?"

"Hilo ni suala la utendaji," alisema Mwakilishi. "Litashughulikiwa baada ya kusaini."

Akapewa siku saba. Waziri alimweleza kwa upole kwamba sheria inampa mmiliki njia mbili. Anaweza kukubali, au anaweza kukataa na akahesabiwa kuwa mmiliki anayejificha, ambaye kifungo chake ni miaka kumi na miwili. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia ajisikie huru kabisa.

Siku ya kwanza na ya pili hakuna kilichotokea. Siku ya tatu gari la kijani lilisimama Mtaa wa Stesheni. Walimchukua Mzee Pazi na kisanduku chake na kioo chake cha kunyolea. Walisema hawakumkamata, anakwenda kusaidia kumtafuta mmiliki. Mkewe aliuliza, si amepatikana? Wakasema amepatikana lakini hajakubali, na mtu asiyekubali huwa hajapatikana vizuri.

Mtaa wa Stesheni ukanyamaza. Watu mia mbili waliokuwa wakiandika habari za ndoa na bei ya nyanya wakawa hawapo. Kwenye Ujirani wengine wakaulizana, Stesheni kuna nini, mbona kimya. Hakuna aliyejibu kwa kuwa wa kujibu walikuwa Stesheni.

Bi Chausiku alikaa karakana siku ile nzima akimtazama binti yake akifungua redio ambayo haikuwa mbovu.

"Baba yako angekwambia usisaini," alisema.

"Najua."

"Mimi sikwambii hivyo. Nasema yeye angekwambia."

"Wewe wasemaje, mama?"

"Nasema yule kinyozi ana sukari. Hawajui ale nini."

* * *

Siku ya tano Tindwa alimwita Sikudhani ofisini kwake. Alikuwa na aibu, na bado amevaa kile kiatu chenye waya. Uani chini ya dirisha yalikuwepo magari ya kijani manane, injini zinanguruma, madereva wamekaa ndani. Niliuliza baadaye kwa nini injini hazikuzimwa kwa siku mbili zile. Niliambiwa ni kwa ajili ya utayari, na kwamba mafuta yaliingizwa katika fungu la utulivu.

Tindwa alimsogezea karatasi. Ilikuwa na majina ishirini na matatu, watunzaji wa visanduku, kila mmoja na mtaa wake.

"Hawa ni kwa Ijumaa asubuhi," alisema. "Wengine thelathini wataandikwa Jumatatu. Sikutaka uje kuyasikia njiani."

Sikudhani aliisoma orodha kwa kidole, jina kwa jina, kama anayesoma bei. Wa kumi alikuwa mwalimu mwenye mtoto wa wiki mbili. Wa kumi na tisa alikuwa na miaka themanini.

"Kaka Tindwa. Mkishapata mmiliki, orodha hii inakwenda wapi?"

Tindwa aliinua kichwa. Nadhani kwa miaka yake yote ya utumishi hakuna raia aliyewahi kumuuliza juu ya utaratibu. "Jalada linafungwa," alisema. "Jambo moja halina wamiliki wawili. Tukishampata mmoja akakubali, kumtafuta mwingine ni kosa. Ni matumizi mabaya ya ofisi."

"Na Mzee Pazi?"

"Anayesaidia kumtafuta mtu hurudi mtu akipatikana."

"Na kisanduku chake?"

"Kielelezo hurudi na mwenyewe."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Naomba niisome."

Alisoma kanuni zile kurasa arobaini na mbili, kwa saa mbili, na Tindwa akamletea chai. Alipomaliza aliuliza swali moja tu: Jukwaa likishaunganishwa na kisanduku chake, litaona mpaka wapi? Tindwa hakujua, akamwita Mwakilishi. Mwakilishi alieleza kwa furaha. Mtambo wa Jukwaa utaingia kwenye kisanduku cha Kinu Alhamisi saa kumi kamili alasiri. Kutoka hapo utapita kwenye kila mlango uliofunguliwa kwake, utayasoma yote yaliyowahi kuandikwa, na nani aliyaandika. Utabaki na nakala.

"Kila mlango uliofunguliwa," Sikudhani alirudia.

"Yote mia nne na kumi na moja. Isipokuwa wa kisanduku cha kinyozi, ambacho kiko kabatini."

"Nitasaini," alisema Sikudhani. "Naomba tu tangazo litoke asubuhi, si jioni. Mmiliki atangazwe mchana watu wakiwa macho. Na liandikwe kwa heshima zote."

Mwakilishi alimpa mkono. Alisema sasa wanaelewana.

* * *

Alhamisi saa nne asubuhi alisaini, mbele ya kamera, chini ya zile picha mbili. Waziri alitoa hotuba. Mmiliki akavishwa joho. Saa nne na nusu walirudi naye karakana, yeye na Mwakilishi na mafundi wawili wenye mtambo, na tangazo likatoka kupitia kisanduku cha Kinu, likiwa na muhuri wa Wizara na nembo ya Jukwaa juu yake:

"Mimi, Sikudhani binti Mbaraka, ndiye mmiliki pekee na halali wa Ujirani. Kuanzia leo visanduku vyote na waliomo ni mali ya Jukwaa."

Mwakilishi alikaa mlangoni na simu yake. Sikudhani alikaa mbele ya kioo kidogo cha kisanduku, mahali panapoandikwa idadi ya milango iliyo wazi kwake. Ilikuwa mia nne na kumi.

Kwa dakika ishirini haikubadilika. Kisha ikawa mia nne na tisa.

Hakuna mkutano ulioitwa, na hakuna aliyetoa amri. Kila mtunzaji aliisoma, akafikiri peke yake, akainuka akafunga. Machinjioni walifunga, lakini kwanza waliandika tusi refu lenye, kwa maoni yao, ukweli ndani yake. Mwalimu mwenye mtoto mchanga aliandika, "Nilikuamini," akafunga. Saa sita ilibaki mia mbili na arobaini. Saa nane, tisini. Watu wa Mtaa wa Kinu wenyewe, ambao majina yao yalikaa ndani ya kisanduku kile, walikuwa wakihama mmoja mmoja kwenda visanduku vya jirani, na kila aliyehama jina lake lilizimika. Wengine waliaga. Wengi hawakuaga.

"Wanachofanya ni nini?" Mwakilishi aliuliza, kwa kuwa alisikia kisanduku kikilia kila mlango ulipofungwa.

"Wanapisha," alisema Sikudhani.

"Vizuri. Msongamano haufai."

Saa tisa ilibaki milango kumi na minne. Saa tisa na nusu ilibaki mitatu. Na hiyo mitatu haikusogea.

Mmoja ulikuwa wa yule mzee wa miaka themanini, ambaye huenda alikuwa amesinzia. Wa pili ulikuwa wa kijiji cha mbali kinachosoma habari jioni. Wa tatu ulikuwa wa mitaa ya bandarini, kisanduku kikubwa kuliko vyote, watu elfu tatu, na mtunzaji wake alikuwa rafiki wa Sikudhani tangu shule. Huyo aliandika: "Nakujua. Hii si wewe. Sifungi."

Mafundi walikuwa wamekwisha kuunganisha mtambo. Taa yake ilikuwa nyekundu, ikisubiri saa kumi igeuke. Sikudhani alikiangalia kile kioo. Kila neno aliloandika lilipita kwanza mbele ya macho ya Mwakilishi, na hapakuwa na neno ambalo angeweza kumwambia rafiki yake ambalo yule kijana asingelisoma.

"Naomba nitoe amri yangu ya kwanza," alisema. "Kama mmiliki."

"Toa," alisema Mwakilishi.

Aliandika taratibu, kwa lugha ya Waziri, namna ambayo wote tumeisikia redioni tangu utotoni:

"Kwa watunzaji watatu waliobaki watiifu, pongezi. Kuanzia sasa mtaniita Mheshimiwa Mmiliki. Kila asubuhi mtaniletea orodha ya walioongea, walichosema na wanapokaa. Wewe wa bandarini, urafiki wa shule usikudanganye. Nilikuwa nakuvumilia tu, kama nilivyoivumilia njaa ya kwenu. Atakayechelewa kuleta orodha atafuatwa nyumbani."

Mwakilishi alisoma. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa unaongea kama mmiliki," alisema, akabonyeza kupeleka.

Kijiji cha mbali kilifunga papo hapo. Kumbe walikuwa wanasoma. Saa kumi kasoro dakika nne mzee wa miaka themanini aliandika, "Mungu akusamehe," akafunga. Wa bandarini hakuandika kitu. Dakika tatu. Dakika mbili. Fundi wa Jukwaa aliweka kidole juu ya kitufe, akawa anaangalia saa yake ya mkononi, na Sikudhani alikuwa akikitazama kidole kile.

Kisanduku kililia, na kioo kikaonyesha sifuri.

Taa ikageuka kijani. Mtambo uliingia ndani ya Ujirani kwa nguvu zake zote, ukapita milango yote iliyokuwa wazi, ukarudi baada ya nusu dakika.

* * *

Taarifa iliyosomwa bungeni ilisema kazi ilifanikiwa kwa asilimia mia. Tangu Jukwaa liununue Ujirani, halijaonekana humo neno lolote la uchochezi, wala tusi, wala swali. Mtambo unafanya kazi kutwa kucha na haujakuta kosa hata moja. Mwekezaji alionyeshwa hesabu ya visanduku mia nne na kumi na mbili kwenye karatasi, akaridhika, maana karatasi ndiyo aliyonunua. Waziri alipewa nishani. Tindwa alifunga jalada, na siku ile ile magari manane yalizimwa injini. Watu wanaokaa jirani na Wizara walisema walishindwa kuelewa ni kitu gani kimepungua hewani.

Mzee Pazi alirudi Ijumaa, amekonda, kisanduku kwapani. Alipita Mtaa wa Kinu, na Sikudhani alisimama mlangoni kumwamkia. "Shikamoo, mzee." Mzee Pazi aliendelea na njia yake. Jumamosi kisanduku chake kiliwaka, na sharti la kwanza aliloweka, kabla ya lile la mpira, lilikuwa kwamba hapokei chochote kitokacho Kinu.

Sijui nimhukumu nani. Nimejaribu kuliandika jambo hili kama lilivyotokea.

Wa mwisho kubaki ndani ya kisanduku cha Kinu alikuwa Bi Chausiku. Alikuja karakana na simu yake mkononi.

"Wanasema nikikaa kwako sisikiki."

"Ni kweli, mama. Hamia kwa Mzee Pazi."

"Nikihamia kwake wewe utanisoma vipi?"

"Sitakusoma."

Mama alimsogezea simu. Kisha akamwambia amwoneshe pa kubonyeza.

Tangu hapo huja kila asubuhi saa tatu, anaketi kwenye kiti cha wateja, ambao siku hizi ni wachache, anavaa miwani na kumsomea binti yake. Sikudhani hataki afupishe. Anataka mtaa kwa mtaa, na kama orodha ile ya ishirini na matatu anayo kichwani, hajasema.

"Mwalimu?"

"Anasema mtoto ameota jino. Halafu anasema wewe ni muuza watu."

"Yule mzee?"

"Amekutukana kwa mafumbo. Nikusomee?"

"Soma."

Akasoma.

"Bandarini?"

"Hawa hawanyamazi. Jana wamekutungia wimbo."

"Mzee Pazi?"

"Anasema tamaa yako haina hata akili, umeuza bila kuuliza bei. Na sukari yake imeshuka."

"Machinjioni?"

Bi Chausiku alipandisha kidole kwenye kioo, akashusha, akapandisha tena. "Machinjioni hawapo. Tangu juzi."

Sikudhani aliweka chini chuma cha kulehemu. Kilianza kuunguza meza na hakukiondoa. Nje lilisikika gari likipunguza mwendo kwenye kona, na wote wawili wakalisikiliza mpaka likapita.

"Tafuta vizuri, mama."

"Natafuta." Miwani ilimshuka puani. "Ngoja. Hawa hapa, wameandika sasa hivi. Wanasema umeme ulikatika siku mbili. Wanasema wewe ni nyoka, na wanaeleza wa aina gani."

Sikudhani alikiinua chuma, akafuta alama ya moto mezani kwa kiganja.

"Wa aina gani?" aliuliza.